Jinsi Nilivyoiua Biogesi ya Cucu Wambui kwa Usafi

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na mmoja. Chekeni sasa mmalize, kwa sababu mbele kuna mambo ya kuchekesha kuliko hayo, na nataka mbavu zenu ziwe zimepumzika.

Kwa miaka minane nilikuwa fundi wa biogesi kati ya Ruiru na Thika. Aliyenituma niwaandikie ni Mama Mutua, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama cha Gatuanyaga, ambaye leo ndiye anayewafundisha nyinyi kazi hii. Nilimuuliza niandike nini. Akaniambia, "Andika vile ulituharibia. Vile ulitengeneza wataona wenyewe."

Basi haya ni maungamo. Nina mengi.

Kwa yule aliyeanza mafunzo jana: unachukua mavi ya ng'ombe, unayakoroga na maji, unayaingiza kwenye mfuko mkubwa wa plastiki uliolala ndani ya mtaro kama nguruwe aliyeshiba. Humo ndani hakuna hewa. Vijidudu vinakula, vinacheua, na kile vinachocheua ndiyo gesi. Gesi inapita kwenye paipu hadi jikoni, Mama anapika chai, hakuna mti uliokatwa, hakuna jicho lililotoka machozi. Ni hayo tu. Kazi yako yote ni kumlisha mnyama ambaye huwezi kumwona. Mimi, ambaye siwezi kulala kabla sijakagua mlango mara tatu, nilichagua kazi ya kumlinda mnyama asiyeonekana. Mungu ana ucheshi.

Sikusomea. Nilijifunza kwa simu, katika chumba kimoja huko Kiuu, ghorofa ya tatu, bila ng'ombe. Nilikuwa natazama video za watu wa nchi za mbali nikiwa nimezima sauti, maana lugha yenyewe sikuielewa, naangalia mikono yao tu. Mtambo wangu wa kwanza ulikuwa mtungi wa lita kumi kwenye roshani. Mavi nilitoa kwa mzee mmoja anayefuga nyuma ya plots, zile nyumba za kupanga, nikapanda nayo ngazi kwenye mfuko wa unga nikiwasalimu majirani kwa adabu zote. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba kipimo ni muhimu, basi nikayapima kwa mizani ya jikoni, gramu kwa gramu, nikaandika kwenye daftari.

Mama yangu alipokuja kunitembelea aliitazama ile mizani kwa muda mrefu.

"Nyambura, hii si ndiyo nilikununulia ya unga?"

"Ni nyingine, Mum."

Mum, kama unasoma, haikuwa nyingine.

Mwalimu wangu wa kweli alikuwa Mzee Karanja wa Makongeni, fundi wa mabomba aliyefanya kazi kiwandani mpaka kiwanda kikafungwa. Nilienda kwake kuazima spana nikakaa miaka miwili. Alikuwa na redio isiyo na kifuniko na hasira isiyo na madhara. Siku ya kwanza alinipa viungo viwili vya plastiki niviunganishe. Nikakaza. Nikaona bado kidogo. Nikakaza tena, kwa usalama. Nikakaza mara ya tatu, kwa ajili ya roho yangu. Kiungo kikalia *kwii*.

"Umesikia?" akasema Mzee Karanja.

"Nimesikia. Imeshika sasa."

"Haijashika, kairitu, msichana wewe. Imekufa. Plastiki ikilia, umechelewa. Kaza na mkono mpaka ikatae, halafu ongeza robo tu na spana. Robo! Sio robo tatu, sio mwaka mzima."

Nilipasua vingine vinne wiki hiyo. Alivitundika kwenye uzi juu ya mlango, wateja wakiuliza anawaambia ni medali zangu.

Yeye ndiye aliyenifundisha povu. Koroga sabuni ya kuoshea vyombo kwenye kikombe, pakaza kwenye kila kiungo, kisha tulia. Kama gesi inatoroka, povu litavimba kama shavu la mtoto. "Macho hudanganya," alikuwa akisema, "na pua huzoea. Povu halina rafiki." Tangu siku hiyo sijatembea bila kichupa cha sabuni. Nimewahi kukitoa harusini nikidhani ni marashi.

Sasa nisikilizeni vizuri kuhusu kosa langu la pili, kwa sababu litarudi baadaye kutuokoa.

Mtambo wangu wa kwanza wa kulipwa ulikuwa wa mchungaji mmoja nje kidogo ya Ruiru, mfugaji wa ng'ombe watatu. Mfuko ulipovimba nikampigia simu, naye akaita kanisa. Walikuja na viti. Kwaya ikaimba. Mchungaji akaombea jiko, akaombea paipu, akaniombea mimi kwa jina. Nikafungua koki, nikawasha kiberiti, nikakisogeza.

Kiberiti kikazimika.

Nikawasha kingine. Kikazimika. Cha tatu kilizimika haraka kuliko vile viwili, kana kwamba kimeambiwa. Mchungaji akasema, "Tuombe tena." Mimi nikaenda kulia nyuma ya zizi, na ng'ombe mmoja akanilamba sikio.

Hakuna kilichoharibika. Nilikuwa sijui jambo ambalo video zangu zisizo na sauti hazikunionyesha: gesi ya kwanza karibu yote ni hewa ukaa, na hewa ukaa haiwaki, kazi yake ni kuzima kiberiti. Unafungua koki mahali penye upepo, unaiacha iende yote, unafunga, unangoja mfuko ujae upya. Mfuko wa kwanza ni wa upepo, wa pili ndio wa chai. Andikeni hilo kwenye ukuta.

Basi tuje kwa Cucu Wambui.

Cucu ni nyanya wa miaka sabini na kitu, mjane, ana ng'ombe wawili na shamba dogo Gatuanyaga. Mradi mmoja wa nishati safi wa eneo letu ulikuwa umekuja kutafuta nyumba ya mfano, akina mama waone, kisha waamue kama wanataka mifuko. Afisa wa mradi, kijana mwenye viatu vyeupe, alitusimamisha uani akaeleza habari za kaboni kwa karibu saa nzima. Cucu alisikiliza, akatikisa kichwa kwa heshima, mwishowe akasema:

"Kwa hivyo huo moshi nimekula jikoni miaka hamsini, ukifika mkutanoni unaitwa kaboni."

"Ndiyo, Cucu, kwa njia fulani…"

"Na sasa mnautaka usitoke."

"Ndiyo."

"Ngai! Si mngekuja mapema?"

Nilimjengea mtambo ule kwa mapenzi ya ajabu. Mtaro niliupima kwa pima maji kila hatua moja. Gesi ilikuwa na harufu ya mayai mabovu, nikaipitisha kwenye chupa iliyojaa stiliwaya yenye kutu, ile ya kusugulia sufuria, maana kutu hula ile harufu. Mfuko wa kwanza tukaupa upepo. Wa pili ukawaka samawati, moto mzuri, unaonong'ona. Cucu alipika chai huku amekaa kwenye kiti, jambo ambalo alisema hajawahi kulifanya tangu aolewe. Alifurahi hata akatoa tangazo.

Mjukuu wake, Shiru, alikuwa anaolewa, na watu wa bwana harusi wangekuja kwa ruracio, kuleta mahari. Walikuwa watu wa mtaa wa Kahawa Sukari, nyumba za mageti, wageni ishirini. Na kwetu shughuli kama hiyo ikija, akina mama hukusanyika kupeleka itega, zawadi zao kwa mwenye nyumba, na kati ya hizo zawadi mzigo wa kuni haukosi. Kila mmoja na mzigo wake mgongoni. Cucu akasimama mbele ya kikundi akasema:

"Safari hii msiniletee hata kijiti. Mukimo, njahi, chai, mapishi yote ni gesi ya ng'ombe wangu. Mje mikono mitupu, muone, halafu muamue."

Mama Mutua akauliza, "Na ikizima, Cucu?"

"Ikizima, muulize Fundi."

Wote wakanigeukia. Nikatabasamu. Ndani yangu kitu kikafanya *kwii*.

Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanza. Nilitaka kila kitu kiwe kamili. Niliwaza wale wageni wa mageti wakipita karibu na zizi, wanashika pua. Basi nikaja mwenyewe na brashi na mtungi wa lita tano wa dawa ya kuua vijidudu, ile nyeupe ya kusafishia vyoo. Nikasugua zizi. Lilipendeza, nikasugua tena kesho yake. Siku tano mfululizo nilisugua lile zizi mpaka ng'ombe wakawa wanaingia kwa kujiuliza. Na maji yote ya kusugulia yalifuata mfereji, mfereji nilioupima mwenyewe kwa pima maji, yakaenda moja kwa moja hadi kwenye tangi la kukorogea, na kutoka hapo hadi tumboni mwa mfuko.

Mmeshaelewa. Ninyi mko na wiki moja ya mafunzo na mmeshaelewa. Mimi nilikuwa na miaka sita ya kazi. Chupa imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba inaua vijidudu, na mimi nafuga vijidudu.

Siku ya sita moto ukawa mfupi. Siku ya saba ukawa wa rangi ya machungwa. Siku ya nane jiko likakohoa mara moja, na mfuko ukalala chini kama shuka. Zilibaki wiki tatu ruracio ifike.

Sasa ungamo lenyewe, lile linaloniwia gumu. Nilijua. Nilijua papo hapo, nimesimama pale na mtungi mtupu mkononi. Cucu akaniuliza, "Ni nini, Fundi?" Nami nikamwambia, "Nafikiri ni chakula cha ng'ombe, Cucu. Jaribu kubadilisha nyasi."

Siku nne mama wa miaka sabini na kitu alizunguka kutafuta nyasi tofauti kwa sababu mimi niliona haya. Nilikuwa nakwenda kila asubuhi, napaka povu kwenye viungo vilivyo vizima, najifanya natafuta shida. Siku ya nne nikamkuta ameinama juu ya tangi, ananusa.

"Fundi, kuja hapa. Nusa."

Nikanusa.

"Mavi ya ng'ombe wangu yananuka wodi," akasema. "Niliwahi kulazwa, naijua hiyo harufu. Sasa niambie, ni nyasi gani hiyo inanuka wodi?"

Nikakaa chini pale pale kwenye zizi safi kuliko yote katika kaunti, nikamwambia kila kitu. Brashi, dawa, siku tano, uongo. Nililia vibaya, kwa makamasi. Nilimwambia nitanunua mtungi wa gesi ya dukani apikie wageni, nitajenga mwingine bure, nitaacha kazi.

Mabega ya Cucu yakaanza kutikisika. Nikadhani analia pia. Alikuwa anacheka, anashika ukuta.

"Kairitu! Uliosha mavi?"

"Ndiyo, Cucu."

"Uliosha… mavi… yawe safi?"

"Ndiyo."

Aliita Shiru atoke ndani aje asikie. Akapigia Mama Mutua simu, akaweka sauti ya nje ili nisikie wanavyonicheka wakiwa wawili. Lakini alipomaliza alifuta macho, akanitazama tofauti.

"Kuosha nimekusamehe. Lakini hiyo ya nyasi, umenitembeza na magoti yangu haya. Siku ingine ukiharibu, niambie siku hiyo hiyo. Na mtungi wa duka usiulete kwangu. Nimeahidi chakula cha ng'ombe wangu. Sasa, mgonjwa anapona aje?"

Na vijana wangu, hapo ndipo kichwa changu kilipofunguka. Miaka sita nilikuwa najificha kila nikikosea, na kumbe nusu ya akili yangu ilikuwa inatumika kujificha. Nikamwambia: tutoe theluthi ya uchafu ule, tuweke maji ya vuguvugu, halafu tunahitaji vijidudu vipya, vingi, kutoka kwa ng'ombe wengi na kutoka kwa mtambo ulio hai. Simu ilikuwa bado haijakatwa, Mama Mutua akasikia yote.

Mtambo ulio hai niliujua: wa mchungaji wa Ruiru. Nilimkuta anakamua. Nikamweleza. Akasema, "Dada, kanisani huwa wananiletea sadaka. Leo mimi ndiye natoa," akanijazia mitungi mitatu kwa mikono yake mwenyewe. Mwenye bodaboda alikubali kunibeba baada ya kukaza vifuniko mwenyewe mara mbili. Karibu na Thika polisi wa barabarani akatusimamisha.

"Umebeba nini hapo?"

Nilikuwa nimeapa kutosema uongo tena. "Vijidudu, afande. Vya mgonjwa."

Akasogea, akanusa, akarudi nyuma hatua tatu. "Pitisha mgonjwa haraka," akasema.

Nilipofika Gatuanyaga nilisikia kuimba kabla sijaona mtu. Kisha wakajitokeza kwenye kona ya shamba: Mama Mutua mbele, akina mama kumi nyuma yake kwa mstari, wamevaa leso za kikundi, kila mmoja na ndoo. Wanaimba ule wimbo wa kupeleka itega, wanapiga vigelegele, wanapiga hatua za kucheza bila kumwaga. Ndoo zimejaa mavi mabichi ya ng'ombe wao, zimefunikwa kwa majani ya mgomba kama mukimo wa sherehe.

"Mwenye nyumba alisema tusilete kuni!" Mama Mutua akapaza sauti.

"Sikuwaambia mlete hii!" Cucu akajibu kutoka mlangoni.

"Aiyai! Hukukataza!"

Wakamwaga moja moja kwenye tangi, na kila aliyemwaga alitaja jina la ng'ombe wake kama anayetoa mchango mbele ya watu. Nilicheka hadi nikakalia ndoo. Jamani, nimekuwa na siku nzuri maishani, lakini sijui kama nitapata nyingine ya kuishinda hiyo.

Tukamlisha mgonjwa kidogo kidogo, maana mgonjwa hapewi nyama choma siku ya kwanza. Kila siku mama mmoja alikuja kwa zamu, na kwa vile sikuwa na siri tena, nilijibu kila swali. Kwa nini maji yasiwe baridi? Kwa nini paipu iwe na mteremko? Nini hufanya moto uruke-ruke? (Ni maji yaliyokwama kwenye paipu. Yatoe.) Siku ya kumi na mbili mfuko ukavimba. Siku tano zilibaki.

Wakaja wote na sufuria. Nikafungua koki nje, nikaacha gesi iende.

"Unafanya nini?" Mama Mutua akanishika mkono. "Unamwaga gesi? Wiki mbili tunangoja!"

Kila sehemu ya mwili wangu ilitaka kufunga, kubakiza hata kidogo, kwa usalama. Nikasema, "Mfuko wa kwanza ni wa upepo," lakini sauti ilitoka ndogo. Ni Cucu aliyeutoa mkono wa mwenzake taratibu. "Mwache," akasema. "Huyu akikosea sasa anasema."

Siku nne baadaye mfuko ukajaa tena. Cucu mwenyewe ndiye aliyeshika kiberiti. Hakuna aliyeimba, hakuna aliyeomba kwa sauti. Ukawaka samawati, unanong'ona, na njahi ikapanda jikoni siku hiyo hiyo. Kesho yake wageni wa Kahawa Sukari wakala, wakaongeza, na mama mkwe wa Shiru akaomba kuonyeshwa ng'ombe ili awashukuru. Kabla ya wageni kuondoka akina mama kumi na mmoja walikuwa wameamua. Mifuko kumi na mmoja.

Hiyo kumi na mmoja tulijenga pamoja. Wa kwanza nilijenga wakitazama. Wa tano walijenga nikitazama. Wa kumi na moja nilifika nikakuta umekwisha, na Mama Mutua anamfokea mtu, "Robo! Nimesema robo!"

Mwaka huu Cucu akanipigia simu: "Fundi, kuja haraka, ni gesi." Nikatoka Kiuu mbio na sanduku la vyombo. Nikakuta meza imetandikwa, njahi, mukimo, chai, na kikundi kizima kimekaa.

"Gesi iko na nini?" nikauliza.

"Iko sawa. Kiungo kilipasuka, Mama Mutua akabadilisha. Tulikuwa tunataka tu kula na wewe, na ukiitwa kula hukuji, unasema uko na kazi. Weka hiyo sanduku chini. Hapa huna kazi tena."

Hivyo ndivyo nilivyostaafishwa, na watu kumi na wawili, kwa vigelegele.

Nikala. Lakini mniwie radhi, mimi ni yule yule. Walipokuwa wanacheka jambo, nikaingia jikoni kimya kimya, nikatoa kichupa changu, nikapaka povu kwenye kile kiungo kipya. Nikainama, nikangoja. Povu lilikaa pale, limetulia, halikuvimba hata kidogo. Robo kamili. Nilihisi huzuni ya sekunde moja, kisha furaha ikanijaa hadi kooni.

"Fundi!" Cucu akaita kutoka mezani, bila kugeuka. "Toa mkono kwa paipu. Chai inapoa."

Nikautoa.